Barabara Haichelewi

Nchi ninayoisimulia haipo jirani na kwenu. Ukisoma ukahisi unamjua mtu fulani humu ndani, kunywa maji kidogo, halafu endelea. Serikali ya nchi hiyo imenihakikishia kwamba haifanani na serikali nyingine yoyote, na mimi ni mtu wa kuamini ninachoambiwa.

Serikali hiyo iliwahi kuwaahidi wananchi barabara kuu ya lami kutoka mji mkuu hadi mpakani. Jiwe la msingi likawekwa, likazinduliwa, likaibwa, likawekwa jingine. Kilichokosekana ni lami tu. Ndipo Wizara ya Mbio ilipokuja na wazo ambalo hata mataifa makubwa hayakuwahi kuliota: kama barabara imeshindikana kujengwa ardhini, basi ijengwe ndani ya gemu. Ikatengenezwa gemu ya mbio za magari, barabara ikawekwa humo na mistari yake myeupe na taa zake za pembeni, na Rais akakata utepe kwenye runinga. Tangu siku hiyo barabara ile huhesabiwa katika ripoti za maendeleo pamoja na zile nyingine, ambazo nazo sina hakika nazo sana.

Wananchi waliipenda gemu ile kupita kiasi. Nalisema kwa niaba yao, maana wenyewe huona haya kulisema. Mtu ambaye maisha yake yote ametembea kwenye vumbi, akishika usukani na kuona lami inamkimbilia usoni, moyo wake hulainika. Kwa hiyo kila Siku ya Taifa Wizara ilipotoa toleo jipya, walinunua toleo jipya, na la zamani likazimwa siku hiyo hiyo kwa sababu za usalama.

Matoleo yenyewe yalikuwa na mambo yake. Katika Toleo la Amani, gari likigusa tuta lilipaa na halikurudi. Wizara ikatoa kiraka, maana hivyo ndivyo yanavyoitwa marekebisho yanayotumwa kwa mtandao watu wakishalipa, na kiraka kile kikakomesha kupaa kwa kuondoa matairi. Katika Toleo la Amani Zaidi matairi yalirudi, ila breki zikawa zinafanya kazi saa za kazi tu. Toleo la Amani Kamili lilileta watazamaji pembeni mwa barabara, jambo lililosifiwa sana, lakini muda wa kuchora nyuso haukutosha, ikachorwa moja. Basi maelfu ya watazamaji, wanawake kwa wanaume, hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, wote walikuwa na sura ya Mheshimiwa Waziri, na wote walikuwa wanapiga makofi.

Kila mwaka watu waliapa. "Mwaka huu sinunui ng'o!" walisema vinyozini, walisema misibani. Siku ya toleo jipya walikutana wote kwenye foleni, kila mmoja akitazama viatu vyake. "Mimi nimemsindikiza shemeji tu," mmoja angesema. Na shemeji, aliyekuwa mbele yake, angesema naye amemsindikiza mtu.

Katika Wizara hiyo kulikuwa na Mkurugenzi wa Shukrani, jina lake Hemedi Kilalo. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wachezaji na kuyarudisha yakiwa shukrani, na katika hiyo kazi hakuwa na mpinzani. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyependa maneno mazuri na mashati yaliyonyooshwa.

Ili uelewe kazi yake, lazima uijue Sheria ya Radhi, ambayo ilikuwa na mantiki yake. Kasoro ambayo hakuna aliyeiona haijamsumbua mtu. Anapotokea mtu akaiona, hapo ndipo usumbufu unapoanza, kwa hiyo aliyeiona ndiye aliyeileta. Mtu huyo aliitwa jukwaani katika viwanja vya Wizara, akaiomba radhi gemu, kisha Waziri, kisha taifa, kwa mpangilio huo. Akishaomba, kasoro ilihesabiwa kuwa imetengenezwa. Kwa njia hii Wizara ilitengeneza kasoro nyingi sana bila kumchosha fundi hata mmoja.

Maneno ya kuomba radhi aliyaandika Hemedi. Aliwahi kumwandikia mwalimu mmoja mstaafu, ambaye gari lake liligeuka mbuzi katikati ya mashindano ya kata. "Kwa unyenyekevu mkubwa na moyo mkunjufu," mzee yule alisoma mbele ya watu, "nakiri kwamba gari langu lilikuwa gari mpaka nilipolitazama vibaya." Watu walilia. Waziri mwenyewe alitoa leso. Hemedi alipongezwa, akarudi nyumbani amefurahi, na kesho yake alipomwona mwalimu sokoni alijifanya anachagua nyanya. Alizichagua mpaka mwalimu akapita, akanunua fungu zima ambalo hakulihitaji. Tangu hapo sokoni alikuwa akienda kwa mlango wa nyuma.

Sasa Hemedi alikuwa na mdogo wake wa kike, Tunu, msusi mwenye saluni yake karibu na stendi. Tunu ndiye aliyekuwa dereva bora wa gemu ile katika nchi nzima, na hilo halikubishaniwa hata na wanaume. Aliendesha kama alivyosuka, kwa utulivu, macho mbele, vidole vikijua vinakokwenda. Mwaka huo alichaguliwa kuiwakilisha nchi katika Kombe la Ujirani, ambalo fainali yake ingefanyika Uwanja wa Taifa mbele ya wageni kutoka ng'ambo ya mpaka. Nchi jirani ilikuwa na barabara za kweli, na kwa hiyo ilichukiwa.

Wiki chache kabla ya fainali, Tunu alimkuta kaka yake kwa mama yao, ambako walizoea kula pamoja kila Jumapili mchana.

"Kaka, barabara inachelewa," alisema hata kabla hajakaa.

"Inachelewa wapi?"

"Kule mwisho, ile sehemu iliyonyooka kabla ya utepe. Ukienda mwendo wa kawaida unaikuta. Ukienda mwendo wa kushinda, unafika kabla yake. Unakuta hakuna kitu. Unazama na gari lako."

"Unazama?"

"Nazama, kaka, kama sindano kwenye godoro. Nimejaribu kila siku, kila siku nazama. Sasa Wizara imeifunga sehemu ile mpaka siku ya fainali."

"Tuliifunga ili isichakae," Hemedi alisema, kwa mazoea, akajisikia mjinga.

"Nisikilize. Mafundi wakiweza kuiwahisha barabara, vizuri. Wakishindwa, waseme wameshindwa, mimi nitapunguza mwendo pale mwisho. Hata nikipunguza naweza kumshinda yule kijana wa nchi jirani, kwa taabu lakini naweza. Nataka kujua moja tu, nipunguze au nisipunguze."

Mama yao, aliyekuwa anapakua, aliweka upawa chini. "Kaka yako si yuko hapo hapo Wizarani? Atasema nao. Mwanangu akisema neno, linasikika."

Hemedi alimwahidi. Aliahidi kwa moyo wake wote, hilo naomba liandikwe upande wake.

Asubuhi ya Jumatatu aliingia ofisini kwa Mheshimiwa Pazi Lwambo, Waziri wa Mbio. Mheshimiwa alikuwa amekaa chini ya picha yake, akijaribu kulinganisha tabasamu. Hemedi akaeleza, kwa upole na kwa kuzunguka sana, kwamba huenda, mahali fulani, kwa mwendo fulani, barabara ilikuwa na tabia ya kuchelewa.

Waziri alimgeukia taratibu, kama wanavyogeuka wakubwa wanapotaka uanze kujuta.

"Mkurugenzi," alisema, "mimi nina shahada za barabara ambazo nyingine hata sijazitoa kwenye bahasha. Nisikilize vizuri. Barabara haichelewi. Barabara ipo pale ilipo, imetulia, kama serikali. Kuna dereva anayefika na barabara, huyo ni mzalendo. Na kuna dereva anayefika kabla ya barabara. Huyo anakimbilia nini? Amewahi wapi? Nani kamtuma? Kuwahi, Mkurugenzi, ni utovu wa nidhamu uliovaa viatu vizuri."

"Ni kweli kabisa, Mheshimiwa."

"Haya. Nani ameiona hiyo kasoro?"

Hapo Hemedi alikwama. Akimtaja Tunu, atapandishwa jukwaani kuomba radhi na Kombe atalisikia redioni. Wazo la kusema "nimeiona mimi" lilimjia, akalitazama, akaona jinsi atakavyosimama mbele ya watu na karatasi mkononi, na mwalimu mstaafu akiwa amekaa mstari wa mbele. Wazo likaondoka lenyewe.

"Nimesikia tu mitaani, Mheshimiwa."

"Mitaani!" Waziri alicheka kwa nafuu. "Basi haipo. Na nimekumbuka, dereva wetu si ni mdogo wako? Siku ya fainali utakaa karibu yangu. Viti vya mbele, vyenye mito."

Hemedi akashukuru. Kwenye korido alipita mlango wa mafundi. Ulikuwa wazi kidogo, na ndani mafundi wote wa Wizara walikuwa wameinama juu ya meza moja wakichora jalada la toleo la mwaka ujao. Aliinua mkono agonge. Mkono ulipofika juu, akautumia kurekebisha tai, akaenda zake.

Siku chache baadaye kikatoka kiraka, nacho kikaitwa Kiraka cha Upendo. Kilikuwa kikubwa kuliko gemu yenyewe. Mtandao wa nchi ile unapatikana ofisi za kata, nao huja ukipenda, kwa hiyo watu walibeba mashine zao za gemu wamezifunga kwenye kanga, wakaenda kukaa uani kwa mtendaji wa kata wakisubiri kiraka kishuke. Walikuja na uji, walikuja na mikeka. Kiraka kiliposhuka, watu walikimbilia nyumbani kuona kimeleta nini.

Kilileta makofi yenye sauti zaidi. Kiliyang'arisha meno ya watazamaji wote, maana yalikuwa meno ya Waziri. Na kilibadilisha honi za magari, sasa zikawa zinapiga wimbo wa taifa, na kwa kuwa wimbo wa taifa ukipigwa lazima kila kitu kisimame kwa heshima, dereva mmoja akipiga honi magari yote yalisimama wima mpaka beti ziishe. Barabara haikuguswa. Hemedi alilijua hilo kabla ya nchi nzima, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika shukrani za wananchi kwa kiraka, na aliziandika kabla hakijatoka.

Akaamua kwenda kumwambia Tunu ukweli. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: mdogo wangu, sikuweza, punguza mwendo. Maneno machache tu, wala si magumu. Alifika saluni yamejaa kinywani.

Saluni ilikuwa imejaa pia. Kulikuwa na wateja kwenye viti, wateja kwenye benchi, na wengine waliokuja kumtazama tu dereva wa taifa akisuka. Alipotokea mlangoni wakainuka.

"Mkurugenzi huyo!"

"Kumbe ndiye kaka mwenyewe! Jamani, mtu mkubwa hivi kaja kwa miguu?"

"Huyu akisema neno Wizarani limekwisha," alisema mama mmoja mwenye nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. "Tunu, una bahati wewe. Sisi kaka zetu wanatuomba nauli."

Tunu alikuwa na chanuo mdomoni. Akalitoa. "Kaka, vipi lile jambo letu?"

Wote wakageuka. Hemedi aliwaona wanavyomtazama, kwa heshima, kwa matumaini, kama watu wanaongoja kusifia. Alifungua mdomo aseme sikuweza. Aibu ikampanda kutoka kifuani hadi masikioni. Mkurugenzi mzima, mbele ya wateja, aseme hakuthubutu hata kugonga mlango uliokuwa wazi?

"Jambo hilo limeshughulikiwa ipasavyo," alisema. "Kiraka kimelimaliza."

Vigelegele vilipasuka. Tunu hakupiga kigelegele, alimtazama tu.

"Kimelimaliza kabisa? Niende tu, nisipunguze?"

"Nenda."

Akatoka. Alisimama kwenye kibaraza, akasikia ndani wanavyocheka kwa furaha na mama yule mwenye nywele nusu anavyosema si nilikwambia. Angeweza kurudi. Mlango ulikuwa pazia tu. Lakini aliona haya kuwaharibia furaha yao, na kila alivyozidi kusimama pale ndivyo haya ilivyozidi, mpaka mtu aliyepita akamsalimia, naye akaitikia na kuondoka kama mtu mwenye safari.

Siku ya fainali Uwanja wa Taifa ulijaa. Katikati kulikuwa na viti vya madereva na mbele yao kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba. Wageni walikaa upande wa kivuli. Dereva wao alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyempa Tunu mkono kwa adabu kabla ya kuanza, jambo lililowaudhi watu wetu, maana walikuwa wamejiandaa kumchukia. Mama yao Hemedi alikuwa nyumbani na redio yake. Hemedi alikuwa kwenye kiti chenye mto, kulia kwa Waziri.

Tunu aliongoza tangu mwanzo. Nimeambiwa kwamba hata wageni walisahau wako upande gani. Kona alizikata kama mtu anayepasua mstari kwenye nywele, hakugusa honi, hakugusa mtu, na kijana wa miwani akabaki nyuma kabisa akiwa ni alama ndogo kwenye kioo. Uwanja wote ulisimama. Waziri alisimama. Hemedi alisimama kwa kuwa Waziri amesimama.

Sehemu iliyonyooka ilianza. Hemedi alijua ni wapi barabara itakapokosekana. Kwa hesabu yake, alikuwa peke yake katika watu wote wale aliyejua, ukiacha yule aliyekuwa ameshika usukani na kuamini vinginevyo. Gari la Tunu liliyumba kidogo, likawa kama linasita.

"Punguza," Hemedi alinong'ona. "Mdogo wangu, punguza."

"Unasemaje?" Waziri aliuliza.

"Nasema hongera, Mheshimiwa."

Gari halikupunguza. Liliongeza. Likafika mahali ambapo pangekuwa na lami, pakawa hapana kitu, likazama. Barabara ilitokea muda mfupi baadaye, nzuri, imenyooka, ina mistari yake myeupe, haina mtu juu yake.

Ingekuwa heri kioo kizimwe hapo hapo, lakini aliyeshika swichi alikuwa anangoja barua ya ruhusa. Basi gari likaendelea kuzama, na taifa likaiona nchi yake kwa chini. Nyumba hazikuwa na sakafu. Miti haikuwa na mizizi. Watazamaji walikuwa videvu na viganja tu, na viganja vilikuwa vinapiga makofi kwa ile sauti mpya ya Kiraka cha Upendo. Kijana wa miwani alifika, akasimamisha gari kando ya mahali Tunu alipopotelea, akachungulia chini kama mtu aliyeangushiwa mwenzake kisimani. Kisha akavuka utepe polepole. Wageni hawakucheka. Walitazama vidole vyao, na hiyo ndiyo iliyouma.

Waziri alichukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Katika historia ya mbio duniani, hakuna dereva wa taifa lolote aliyewahi kufika kina hiki!" Bendi ikapiga, watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wamezoea. Aliporudi kukaa alimwinamia Hemedi sikioni. "Andaa radhi. Iwe ya kuliza."

Hemedi aliiandika, na la kusikitisha ni kwamba aliiandika vizuri. Alijaribu kuiandika vibaya, akashindwa. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangana, yamenyooka. Akajichukia, na huku anajichukia akafuta neno moja na kuweka lililo bora zaidi. Karatasi aliituma kwa tarishi. Kuipeleka mwenyewe hakuweza.

Siku ya radhi viwanja vya Wizara vilifurika. Kwa mujibu wa taratibu, mwandishi wa radhi husimama ubavuni mwa mwombaji na kumshikia kipaza sauti, ili mwombaji awe na mikono huru ya kufutia machozi. Kwa hiyo Hemedi alikuwa amesimama hapo, karibu kiasi cha kuweza kuona uzi wa kusukia ulionasa kwenye mkono wa gauni la mdogo wake. Hawakuwa wamezungumza tangu fainali.

"Kwa unyenyekevu mkubwa na moyo mkunjufu," Tunu alisoma, "nakiri kwamba nilifika kabla ya barabara. Nakiri kwamba sikuwa na sababu ya kuwahi. Nilishauriwa na..." Akasita, akaliangalia neno. "Nilishauriwa na kiburi."

Watu waliguna kwa utamu wa maneno. Alisoma mpaka mwisho bila kutoa chozi, akaikunja karatasi. Likabaki swali la mshereheshaji, ambalo huulizwa kila mwombaji, na jibu lake kila mtu analijua.

"Mwombaji, na taifa likusikie. Nani alikwambia uende mwendo ule?"

Tunu aligeuka, akamtazama kaka yake. Hakumtazama kwa hasira, na Hemedi angeshukuru kuona hasira. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake yeye. Alichotakiwa kufanya ni kukisogeza kidogo tu upande wa mdomo wake, umbali ambao hata mkono wa mtoto anayejikuna huuzidi. Mkono ulikuwa wake, kipaza sauti kilikuwa chake, na neno lilikuwa fupi. Alikishika pale pale.

"Hakuna," Tunu alisema. "Nilijiamulia mwenyewe."

Viwanja vikapasuka kwa makofi. Hemedi hakuweza kupiga makofi kwa kuwa alikuwa na kipaza sauti, kwa hiyo alijipigapiga paja kwa mkono uliobaki, maana Waziri alikuwa anamtazama.

Mheshimiwa akatangaza kwamba kasoro imetengenezwa rasmi. Akaongeza, kwa furaha ya pekee, kwamba toleo la mwaka ujao, Toleo la Amani ya Kudumu, litakuwa na magari yaliyopunguzwa mwendo, ili barabara iweze kufika kwa heshima zake. Nasikia watu waliapa hawatalinunua. Nasikia pia foleni ilianza mapema kuliko miaka yote.

Jumapili iliyofuata Hemedi alitaka kusingizia kazi asiende kwa mama yake, lakini alikosa hata uongo wa kutumia, akaenda. Tunu alikuwa ameshafika. Alikuwa na nafasi siku hizi. Wateja walikuwa wamepungua saluni, maana hakuna aliyependa kuonekana anasukwa na mtu aliyelizamisha taifa, na mama yule wa nywele nusu alikwenda kumaliziwa kwingine.

Walinawa, wakakaa mkekani. Mama yao alikuwa amepika wali na samaki wa nazi.

"Ile radhi nimeisikia redioni," alisema. "Maneno yalikuwa matamu, jirani hapa alilia mpaka akazima jiko. Nani kaiandika?"

"Kaka," Tunu alisema.

"Si nilijua! Mwanangu ana maneno huyu. Angekuwa mtu mwingine wangeandika ovyo, ukazidi kuaibika." Akachukua kipande kikubwa cha samaki, cha upande wa kichwa, akakiweka mbele ya Hemedi. "Kula, baba. Umemsitiri mdogo wako."

Hemedi alikitazama kile kipande. Akanyoosha mgongo, na mdomo wake, uliozoea njia moja, ukaanza.

"Kwa unyenyekevu mkubwa na moyo mkunjufu, mimi..."

Mama yao alicheka sana. Alidhani anamtania Tunu. "Mwone huyu! Hata nyumbani?"

Tunu hakucheka. Alikuwa ameacha kula, anangoja. "Sema kawaida, kaka."

Kusema kawaida kulimchukua muda. Alifumba ngumi, akaifumbua.

"Nilikudanganya," alisema. "Kiraka hakikugusa kitu. Nilijua kabla hakijatoka. Kwa Waziri nilitamka nusu nikaogopa, mlango wa mafundi sikugonga. Nilikuja saluni nikwambie, wateja wako wakanitazama, nikaona haya kusema sina uwezo. Na juzi kipaza sauti nilikuwa nacho mimi."

Mama yao aliacha kucheka. Aliwatazama wanawe kwa zamu, mkono ukiwa na tonge.

"Najua," Tunu alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile saluni. Ulinijibu kwa sauti ya ofisini. Limeshughulikiwa ipasavyo. Wewe na mimi tangu lini tunaambiana ipasavyo?"

Hemedi alihisi uso wote unawaka. "Sasa mbona hukupunguza? Ulikuwa umemwacha yule kijana mbali. Ungepunguza ungeshinda."

Tunu alitoa mwiba kwenye kipande chake cha samaki, akauweka ukingoni mwa sahani, akatafuta mwingine.

"Nilikanyaga breki," alisema. "Pale mwanzo wa ile sehemu iliyonyooka, nilikanyaga. Halafu nikajiambia, nikipunguza hapa, mbele ya watu wote hawa, nitakuwa nimesema kwamba kaka yangu ni mwongo. Nikautoa mguu."

Hemedi alikitazama tena kile kipande cha samaki. Alikuwa ameziandika radhi za nchi nzima, na zote zilimpita kichwani, nzuri, zimenyooka, hakuna hata moja iliyokuwa yake.

"Kula, kaka," Tunu alisema. "Chakula kinapoa."